Nimekulia muvi za DJ Afro, hizi klasiki nianzie wapi?

Swali limetoka kwa kijana anayejiita Fundi wa Luthuli, nimelifupisha kidogo: "Sasa mwalimu. Mimi natengeneza simu hapa Luthuli Avenue, nina miaka 27, muvi nimekulia zile zinasimuliwa na DJ Afro kwa kibanda cha video kule Kayole. Msichana wangu yuko chuo, na marafiki zake wakianza stori za klasiki na dokumentari mimi nabaki kutoa macho tu. Nikatafuta kwa simu muvi bora zaidi duniani nikaletewa Citizen Kane, nikaiweka, dakika ya kumi na tano nilikuwa nimelala na simu kwa kifua. Shida ni mimi ama ni muvi? Na nianzie wapi, na nitazipata wapi bila kumaliza pesa ya stoku?"

Fundi, kwanza pole kwa usingizi, umenichekesha lakini sikucheki. Shida si wewe, na muvi pia haina makosa, shida ni vile ulianza. Ni kama kijana aje hapo kwa meza yako siku ya kwanza kujifunza kazi halafu umpatie bodi ya simu iliyoingia maji badala ya kumwanzisha na kubadilisha skrini. Atakimbia, na atakuwa sawa kukimbia.

Hiyo Citizen Kane ni ya 1941, aliyeitengeneza, Orson Welles, alikuwa na miaka 25 hivi wakati anaipiga, mdogo kukuliko wewe. Kuna mahali mtoto anacheza kwa theluji nje, unamwona kupitia dirisha kule nyuma kabisa, halafu huku mbele mamake anaweka sahihi karatasi ya kumpeana kwa watu wengine, na vitu vyote viwili vinaonekana safi, hakuna chenye ukungu. Mtoto hajui maisha yake yanauzwa na wewe unajua, na kamera haijakata hata mara moja. Hiyo ndiyo raha yake, lakini kuiona lazima macho yawe yameshazoea. Na hizo orodha za muvi bora zinapigiwa kura na watu wameona maelfu ya filamu, wamechoka na vitu vya kawaida. Ile kura ya jarida la Waingereza, Sight and Sound, inafanywa kila miaka kumi, na ya 2022 iliweka namba moja filamu ya 1975 ya mama anapika, anamenya viazi, anatandika kitanda, kwa saa tatu na dakika ishirini na kitu. Mimi naipenda sana. Lakini nikikwambia uanze na hiyo Jumamosi jioni baada ya kazi nitakuwa mchawi.

Sasa nikupe siri moja ambayo nadhani hakuna mtu kwa hao marafiki wa msichana wako anaijua. Wewe tayari una elimu ya klasiki. Umelipa shilingi kumi kwa kibanda, ukakaa kwa benchi ukiwa umebanwa, na mtu mmoja akakusimulia muvi ya wageni kwa lugha yako, akawapa wahusika majina, akaongeza matusi na vichekesho ambavyo havikuwa kwa filamu, akakwambia staring hafi leo. Japani walikuwa na watu hivyo hivyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, waliitwa benshi. Filamu zilikuwa hazina sauti, benshi anasimama kando ya skrini anafanya sauti zote, ya mama, ya mtoto, ya adui, na watu walikuwa wanaenda sinema kwa sababu ya benshi fulani, hata hawaulizi ni muvi gani inaonyeshwa. Si hiyo ni DJ Afro kabisa? Uganda wako nao, Tanzania walikuwa na Lufufu, na Wajapani walitangulia wote.

Na hapa ndipo inaingia stori. Kulikuwa na benshi mmoja kijana alikuwa akimpeleka ndugu yake mdogo sinema, anamwelekeza ni gani aone. Filamu za sauti zikaingia, kazi ya benshi ikafa, yeye akawa kati ya walioongoza mgomo, haukusaidia, na 1933 akajiua. Yule ndugu mdogo alikuwa anaitwa Akira Kurosawa. Baadaye ndiye alitengeneza Seven Samurai, ya 1954, na hapo ndipo wewe unaanzia.

Usiogope saa. Ni saa tatu na nusu kasoro kidogo, igawanye kama ligi, nusu ya kwanza usiku mmoja na ya pili kesho yake, hata kwa filamu yenyewe kuna mapumziko katikati. Stori ni rahisi, kijiji cha wakulima kinavamiwa na majambazi kila wakati wa mavuno, wakulima wanaamua kukodisha samurai wa kuwalinda, lakini pesa hawana. Kitu wanaweza kulipa ni wali tu. Na samurai wakila huo wali, wakulima wenyewe wanakula mtama, na kuna mahali samurai mkubwa anagundua hivyo na bakuli liko mkononi mwake, angalia uso wake hapo. Sasa ile kitu umeona mara mia, mzee anazunguka anatafuta wanaume mmoja mmoja, huyu bingwa wa upanga, huyu mcheshi, huyu mlevi hajulikani ametoka wapi, mpaka timu inatimia, filamu nyingi sana za baadaye zilichukulia hapa. Majambazi ni arobaini, na yule mzee ana karatasi amechora miduara, kila adui akianguka anafuta mmoja, kwa hivyo wewe unayetazama unajua kila saa wamebaki wangapi. Na vita vya mwisho ni kwa mvua na matope, watu wanateleza, farasi wanaanguka, hakuna madoido ya kuruka angani. Nimeona muvi nyingi za vita na mpaka leo hiyo mvua sijaona iliyoishinda.

Wamarekani waliichukua wakaifanya ya kaoboi 1960, The Magnificent Seven. Wahindi 1975 wakatoa Sholay, ambayo ni mtoto wa hao wote wawili akiongezewa nyimbo, na muulize mzee yeyote aliyekuwa akienda sinema Nairobi wakati huo kama hajui yule jambazi wake, Gabbar Singh. Na Kurosawa huyo huyo 1961 alikuwa na ingine, Yojimbo, ya samurai anaingia mji wenye magenge mawili anayauza yote. Mwitaliano Sergio Leone akaichukua bila kuomba, akaivalisha kofia ya kaoboi, akampa Clint Eastwood, ikawa A Fistful of Dollars, 1964. Wajapani wakashtaki, na wakalipwa. Kwa hivyo zile kaoboi babako alikuwa anapenda, zile za kukazia macho dakika tatu kabla bunduki haijatoka, mizizi yake iko Japani. Hivi ndivyo nataka uangalie klasiki, fundi, shika muvi unayoipenda uulize baba yake ni nani, halafu ukishampata huyo baba muulize babu. Kung fu, jambazi, mapenzi, zombi, yoyote ile, hutakosa njia na hutalala.

Zombi nikumalizie hapo hapo. Night of the Living Dead, 1968, ilitengenezwa na vijana wa Pittsburgh kwa pesa kidogo sana, dola kama laki moja na kitu, staring ni mtu mweusi wakati ambao hiyo haikuwa kawaida Marekani, na mwisho wake utakaa nao wiki nzima. Walipobadilisha jina la filamu wakasahau kurudisha ile alama ya haki miliki kwa jina jipya, na kwa sheria ya wakati huo kosa hilo dogo lilitosha, filamu ikawa ya kila mtu. Kwa hivyo iko kwa intaneti bure na halali kabisa.

Kabla sijaenda mbali wacha nijibu kitu ambacho hukuuliza lakini najua utauliza, mbona hizi za zamani kabisa watu wanatembea kama wamemwagiwa maji moto. Hawakuwa wanatembea hivyo. Kamera ilikuwa inazungushwa na mkono, mara nyingi picha kama 16 mpaka 20 hivi kwa sekunde, sauti ilipoingia ikawekwa 24 kwa zote, sasa ukichukua ya picha 18 ukaicheza kwa 24 lazima wakimbie. Nakala zilizorekebishwa vizuri mwendo ni wa kawaida, kwa hivyo ukipata moja watu wanakimbia kama kuku, itoe tu, tafuta nakala nyingine ya filamu hiyo hiyo.

Na kitu kingine kidogo, hii ni ya roho yangu. Kabla sijaanza kufundisha historia ya filamu nilikuwa naendesha projekta kwa sinema moja hapa mjini, siku hizi ni kanisa. Filamu ilikuwa inakuja kwa mikebe, riili moja ni kama dakika 20, na tulikuwa na projekta mbili, hii ikimaliza hiyo ingine inashika. Tutajuaje ya kwanza inaisha? Angalia kona ya juu, mkono wa kulia. Kuna kidoti cha mviringo kinatokea chap kinapotea, hapo unawasha mota ya projekta ya pili, sekunde kama saba zinapita, kidoti cha pili, unabadilisha, na mtazamaji hajui kitu. Ukichelewa skrini inakuwa nyeupe na watu mia tano wanakupigia mluzi. Mimi nilichelewa mara moja, mke wangu alikuwa amekuja kunitembelea, wakati huo alikuwa bado si mke wangu, na niliitwa ofisini nikakatwa siku mbili za mshahara. Mpaka leo nikiona kile kidoti kwa nakala ya zamani kwa simu mkono unaruka wenyewe. Utakiona na wewe, sasa unajua ni nini.

Haya, filamu ambayo nadhani itakushika kabisa. Bicycle Thieves, Italia, 1948, dairekta Vittorio De Sica. Rome imetoka vitani, kazi hakuna, wanaume wanasimama nje ya ofisi wakingoja majina yasomwe, kama vile unaona watu wakingoja kwa geti za kampuni Industrial Area asubuhi. Antonio anaitwa, kazi ya kubandika mabango, lakini sharti awe na baiskeli na yake iko kwa rehani. Bibi yake haongei mingi, anaenda kwa kitanda anavua mashuka, yote, hata yale ambayo hayajawahi kulaliwa, anayapeleka. Sasa angalia hapa. Karani anachukua lile furushi lao, anabeba anaenda nalo nyuma, na kamera inamfuata, unaona rafu imejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine mpaka juu, na jamaa anapanda kama mtu anapanda mnazi, anapanda, bado anapanda, akaliweke la hawa pamoja na mengine. Hakuna mtu amekwambia kuwa mji mzima umelala bila mashuka. Umeona.

Baiskeli inaibiwa siku ya kwanza ya kazi, hiyo sikuharibii stori, jina la filamu limeshasema. Jina la baiskeli yenyewe ni Fides, Kilatini, maana yake imani. Filamu iliyobaki ni baba na kijana wake Bruno wanazunguka Rome kuitafuta, na wewe unajua vizuri mtu aliyechukua nduthi kwa mkopo halafu ikaibiwa anakaa aje, shailoki anapiga simu na yeye anazunguka Gikomba akiangalia vipuri. Mwigizaji wa Antonio hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, Lamberto Maggiorani. Prodyuza mmoja mkubwa wa Hollywood alijitolea kulipia filamu mradi staring awe Cary Grant, yule jamaa mzuri wa suti, De Sica akakataa. Fikiria Cary Grant anatafuta baiskeli. Mwisho wake angalia tu mkono wa mtoto, sisemi zaidi.

Ukitoka hapo, kabla hujapumua, Mandabi. Hii ni yetu, Senegali, 1968, Ousmane Sembène, mtu aliyekuwa amebeba mizigo bandarini Marseille kabla hajawa mwandishi na dairekta, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa kwa Kiwolofu. Inaanza na kinyozi wa nje, wembe unapita kichwa cha mzee polepole, halafu unaingia mpaka ndani ya pua, na Sembène haharakishi kitu. Mzee ni Ibrahima Dieng, hana kazi, ana bibi wawili na heshima kubwa. Mpwa wake anayefagia barabara Paris anamtumia hundi ya posta ya faranga 25,000, na nyingi si zake, elfu mbili ndizo zake, elfu tatu za mamake huyo mpwa, elfu ishirini awekewe. Kabla hajaishika mtaa wote umeshajua. Majirani wanakuja kukopa mchele, imamu anakuja, mwenye duka anakumbuka deni. Na posta wanamwambia lete kitambulisho. Hana. Aende atafute kitambulisho, wanataka cheti cha kuzaliwa, cheti wanataka tarehe na yeye anajua tu mwaka, wanataka picha na stempu, na kila dirisha lina karani anamwangalia kama inzi. Fundi, mimi nimeiona filamu hii labda mara ishirini na kila mara nikifika hapo kwa foleni ya madirisha nakumbuka siku nilikuwa natafuta karatasi moja kwa ofisi fulani hapa mjini, nikatumwa ghorofa ya nne, nikarudishwa ya pili, nikaambiwa mwenye muhuri ameenda lanchi, saa kumi na nusu. Watu wanacheka sana wakiiona darasani, halafu kwa dakika ya sabini hivi kicheko kinakauka. Ukipenda hiyo utafute yake ya 1966, Black Girl, saa moja tu, na baadaye Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, 1973, ya vijana wawili wa Dakar wanataka kutorokea Ufaransa, na pikipiki yao imewekwa pembe za ng'ombe mbele. Ningekuwa na nduthi ningefanya hivyo.

Zingine napita haraka. Ya mahakama ni 12 Angry Men, 1957, wanaume kumi na wawili kwa chumba kimoja wanaamua kama kijana ahukumiwe kifo, dakika 96 na karibu zote ni hapo ndani. Wewe mtu wa vifaa utapenda hii: dairekta Sidney Lumet alianza na lenzi pana na kamera iko juu ya macho, halafu kadiri muda unaenda akawa anabadilisha lenzi ndefu zaidi na kushusha kamera, kwa hivyo ukuta unasogea, dari inaonekana, unahisi joto na hujui limetoka wapi. Ya wasiwasi, Rear Window ya Hitchcock, 1954, jamaa amevunjika mguu anakaa dirishani akichungulia majirani wa ghorofa zilizomkabili, halafu anashuku mmoja ameua bibi yake, na mtu aliyeishi Pipeline ambapo ukifungua dirisha unaona jirani anakula nini hahitaji kuelezwa. Hizo nyumba zote unazoona zilijengwa ndani ya studio, 31. Psycho yake ya 1960 pia, ile damu kwa bafu ni sharubati ya chokoleti, kwa black and white inakaa damu kuliko damu. Za anga, 2001: A Space Odyssey, 1968, mwaka mmoja kabla mtu hajakanyaga mwezi, lakini hiyo isiwe ya kwanza, dakika ishirini na kitu za mwanzo hakuna neno hata moja, kuna nyani tu. Na usiiangalie kwa simu tafadhali.

Sasa dokumentari. Hapa naomba unisikize kidogo kwa sababu watu wengi wanadhani dokumentari ni ukweli na muvi ni uongo, halafu wanaitazama kama habari za saa moja. Ile ya kwanza iliyotamba, Nanook of the North, 1922, Robert Flaherty, inaonyesha familia ya Wainuti kule kaskazini mwa Kanada. Nanook hakuwa anaitwa Nanook, jina lake lilikuwa Allakariallak. Wakati huo tayari walikuwa wanawinda na bunduki, Flaherty akataka watumie mkuki kama wa mababu. Ile nyumba ya barafu kamera haingetosha wala mwanga usingekuwako, ikajengwa ingine imekatwa upande mmoja, kwa hivyo familia ikilala pale inajifanya imelala, na baridi ni ya kweli. Ni uongo? Lakini baridi na njaa za huko hazikuwa za kuigiza. Iangalie ukijua yote mawili, na ukiangalia dokumentari yoyote jiulize huyu wa kamera amesimama wapi, amefikaje hapo, na nani alimwambia huyu mtu arudie kuingia mlangoni.

Halafu angalia kinyume chake. The Battle of Algiers, 1966, Gillo Pontecorvo, vita vya Waaljeria dhidi ya Wafaransa. Utaapa ni picha za habari, mabomu, msako, wanawake kwa kizuizi, na hakuna hata kipande kimoja cha habari, yote imeigizwa, karibu wote si waigizaji, na mmoja wao, Saadi Yacef, alikuwa kamanda wa hao wapiganaji kweli kweli na anaigiza mtu kama yeye mwenyewe. Ufaransa iliifungia kwa miaka. 2003, Marekani ikiwa Iraki, makao makuu ya jeshi lao yakaionyesha kwa maofisa wao. Mtu aliyekulia hadithi za Mau Mau na kamata kamata za Nairobi ya 1954 atajua anaangalia nini.

Kwa dokumentari ya kuanzia, When We Were Kings, hata usifikirie mara mbili. Ali na Foreman, Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Dairekta Leon Gast alienda kupiga filamu ya tamasha la muziki, James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, pigano lilikuwa tu pembeni. Foreman akakatwa juu ya jicho mazoezini, pigano likaahirishwa wiki tano, Ali akabaki hapo bila kazi mbele ya kamera, na Ali bila kazi mbele ya kamera ni mvua ya pesa, alikuwa anaongea tu. Halafu pesa zikaisha na ugomvi ukaanza na filamu ikatoka 1996, miaka 22 baadaye, mwaka uliofuata ikachukua Oscar. Utaona vile Ali anajiegemeza kwa kamba anapigwa, anapigwa, anamwongelesha Foreman sikioni, mpaka raundi ya nane. Unajua mshindi ni nani na bado utasimama.

Ingine, The Thin Blue Line ya 1988. Polisi aliuawa Texas 1976, mtu anaitwa Randall Adams akahukumiwa kifo, karibu auawe. Errol Morris anaigiza ule usiku tena na tena, kila shahidi na toleo lake, mpaka mwenyewe unaanza kuona nani anadanganya. Adams aliachiliwa 1989. Si filamu nyingi zinaweza kusema zimetoa mtu jela.

Na usidhani ni vitu vya wageni tu. Picha za njaa ya Ethiopia za Oktoba 1984, zile ziliamsha dunia mpaka wanamuziki wakafanya Live Aid mwaka uliofuata, zilipigwa na Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi hapa. Alipoteza mkono 1991 kwa mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa na akarudi kazini na mkono wa bandia. Siku hizi tuna Softie ya Sam Soko, 2020, inamfuata mwanaharakati Boniface Mwangi akigombea ubunge Starehe 2017, yaani hapo hapo unapofungua duka, na mimi naona ugomvi wa kweli kwa hiyo filamu si wa siasa, ni wa yeye na bibi yake kwa jikoni. Tuna The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ya nyanya wa pwani anayeitwa mchawi na watu wake wanaotaka shamba. Na Thank You for the Rain, 2017, ambapo mkulima wa Ukambani, Kisilu Musya, amepewa kamera ajipige mwenyewe, kwa hivyo lile swali la nani ameshika kamera linajijibu.

Kuzipata. Zile za zamani kabisa zisizo na haki miliki, kama Nosferatu ya 1922, za Buster Keaton za miaka hiyo na hiyo ya zombi, ziko YouTube na Internet Archive bure. Weka 480, filamu ya miaka mia haitaki bando la HD. Alliance Française na Goethe-Institut ziko hapo mjini upande wa Loita Street, unatembea tu kutoka Luthuli, wanaonyeshanga filamu na mara nyingi hulipi kitu, angalia ratiba zao. Kuna pia sinema ya Unseen kule Kilimani, ndogo, hiyo ni ya kulipa lakini ni mahali pazuri pa kumpeleka huyo msichana. Maduka ya kuwekewa muvi kwa flashi sisemi kitu, lakini ukiitisha Mandabi pale atakuangalia vibaya. Na sabtaito usiziogope, siku mbili za kwanza macho yanachoka, ya tatu unasahau unasoma.

Halafu fanya hivi, hii ni kwa sababu yako na yule benshi. Shusha The General ya Keaton, 1926, ya dereva wa treni anafukuza treni yake iliyoibiwa, na treni inayoanguka mtoni ni treni ya kweli, hawakuwa na kompyuta. Ni kama saa moja na robo na haina sauti ya mtu hata moja. Jumamosi mkishafunga iweke kwa ile laptopu ya duka, zima muziki wake kabisa, na najua hapo Luthuli hamkosi yule jamaa mmoja haongei polepole, anauza chaja kwa kelele kutoka asubuhi. Mpe kiti kando ya skrini asimulie, staring mumpe jina lenu. Na mwambie Keaton hacheki kwa hii filamu, asimchekeshe.